Filme moja, matoleo mengi: namna ya kuunganisha kopi za filme ya woga bila kuipoteza

Hapa Lubumbashi kuko vijana wengi wanaojua kukata na kuunganisha picha za video. Leo wanatengeneza video ya ndoa, kesho ya kilio, kesho kutwa klipu ya mwimbaji wa kartie. Kwa kijana wa komini ya Ruashi, ordinatere moja ya okazioni na programu ya bure vinatosha kwa kuanza. Lakini kuko kazi ingine ya montaji isiyojulikana sana kwetu: kuchukua filme ya zamani iliyotoka katika matoleo mbalimbali, kuyalinganisha, na kuyaunganisha kuwa toleo moja jipya. Wanaofanya hivyo si wenye filme, ni wapenzi wake. Wanaona kopi moja iko na picha nzuri, ingine iko na kipande kilichokosekana, ya tatu iko na mwisho tofauti, na wanajiuliza: tukiyaweka yote pamoja, itakuwaje?

Filme za woga njo zinafanyiwa hivyo mara nyingi, juu zimekatwa sana: na serikali, na wauzaji, na wenye salle za sinema. Katika ukurasa huu tunaeleza matoleo hayo yanatoka wapi, sheria inasema nini, na namna gani kazi yenyewe inafanywa. Tunaeleza vilevile juu ya nini kipande kidogo cha dakika mbili ao tatu kinaweza kubeba maana ya filme nzima.

Tuseme mara moja: tunaposema toleo, hatusemi kartie ya Matoleo kule Ruashi. Toleo la filme ni namna moja ambayo ile filme ilitoka nayo mbele ya watu.

Juu ya nini filme moja iko na matoleo mengi?

Tuanze na filme ya mbali sana. Mwaka 1922, Mujerumani F. W. Murnau alitoa Nosferatu, filme bila sauti juu ya mutu anayekunywa damu ya watu usiku. Hadithi yake ilitoka katika kitabu Dracula cha Bram Stoker, lakini watengenezaji hawakuomba ruhusa, walibadilisha tu majina. Mujane wa Stoker, Florence, alipeleka shauri mbele ya tribinali. Mwaka 1925 uamuzi ulitoka: kopi zote ziharibiwe. Lakini kopi zilikuwa zimekwisha kusambaa katika inchi mbalimbali, na hazikupatikana zote. Njo maana tunaiona mupaka leo.

Kopi zilizobaki hazikuwa sawa. Zingine zilikosa vipande, zingine zilikuwa na maandishi yaliyogeuzwa, na katika kopi za Marekani majina ya kitabu yalirudishwa. Kisha kuko mambo ya rangi. Wakati ule kamera hazikuweza kupiga picha vizuri katika giza. Murnau alipiga mambo ya usiku wakati wa muchana, kisha picha za usiku zikatiwa rangi ya bluu kusudi mutazamaji ajue kwamba jua limezama. Kopi nyingi zilizozunguka kisha hapo zilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Ndani ya kopi hizo, yule muzimu anayeogopa jua anatembea inje muchana mweupe na sanduku lake mukononi! Hakuna kipande kilichokatwa, ni rangi tu iliyopotea, na hadithi ikaharibika. Watunzaji wa filme wa Ulaya walifanya kazi miaka mingi, wakilinganisha kopi moja na ingine, mupaka toleo lenye rangi zake likarudi. Kwa hiyo kuunganisha matoleo si muchezo wa vijana peke yao. Njo namna filme hii iliokolewa.

Mufano wa pili ni Dawn of the Dead ya George A. Romero, ya mwaka 1978. Hii iko na matoleo matatu yanayojulikana: la Marekani la dakika 127, lingine refu la dakika 139 lililotengenezwa mbio kwa ajili ya kuuza filme kule Cannes, na la tatu la karibu dakika 119 lililokatwa na Muitalia Dario Argento. Argento alitia pesa katika ile filme, na alipewa haki ya kufanya montaji yake kwa inchi zisizosema Kiingereza. Aliondoa vichekesho vingi na kuongeza muziki wa kundi la Goblin. Filme ni moja, wachezaji ni wale wale, lakini moja inachekesha, ingine inakimbia. Kule Ujerumani kulitoka video iliyounganisha matoleo yote kuwa dakika 156. Mutu anayependa sana ile filme anafurahi kuona kila kitu. Lakini Romero na Argento walikata kwa sababu. Kinachotolewa kwa kupunguza uzito, ukikirudisha, uzito nao unarudi. Musomaji ashike jambo hili: toleo refu si lazima liwe toleo zuri.

Filme tutakayoikamata kama mufano

Kwa sehemu inayobaki tutatumia filme moja: Night of the Living Dead, ya Romero vilevile. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 1 mwezi wa 10, 1968, katika muji wa Pittsburgh, Marekani. Iko nyeusi na nyeupe, inafika dakika 96, na ilitengenezwa kwa pesa kidogo, karibu dolare 114.000. Wafu wanafufuka na kula wazima. Watu saba wanafungwa ndani ya nyumba moja ya shamba, na badala ya kusikilizana wanagombana: tukae juu ao tushuke chini katika kave?

Jambo hili linatugusa sisi Wakongomani zaidi ya wengine. Wataalamu wengi wa lugha wanasema kwamba neno zombi liliondoka upande wa Kongo ya zamani, katika Kikongo, likavuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwa, likafika Haiti, na kutoka kule likaingia katika sinema ya Marekani. Filme White Zombie ilitoka mwaka 1932. Lakini katika filme ya 1968 hakuna mutu hata mumoja anayetamka neno zombi. Watazamaji njo waliipa jina hilo kisha.

Na matoleo yake? Kuko lile la 1968. Kuko yaliyotiwa rangi na ordinatere, la kwanza katika mwaka 1986. Kuko la kuazimisha miaka 30, ambamo John Russo, aliyeandika filme pamoja na Romero, alipiga vipande vipya vya karibu dakika 15, akaviingiza pamoja na muziki mupya. Mwaka 1990 filme ilipigwa upya yote kwa rangi, na Tom Savini. Mwaka 2016 musee ya MoMA ya New York ilionyesha toleo lililosafishwa kutoka katika filme yenyewe iliyotoka ndani ya kamera. Na mwaka 2018 kulitoka hata montaji ya kazi ya mbele, yenye jina Night of Anubis. Wapenzi nao hawakulala: mwaka 2009 wasanii wengi wa inchi mbalimbali walichora filme nzima upya, kila mumoja kipande chake, juu ya sauti ile ile ya 1968. Waliita kazi yao Night of the Living Dead: Reanimated.

Kwetu kazi hii inafanana na nini?

Mutu asiseme kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Katika Afrika ya mashariki, kugeuza filme ya mwingine njo kumelisha salle za video miaka mingi. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyesimulia filme za inje kwa Kiswahili juu ya picha. Kenya iko na DJ Afro. Kampala iko na wasimuliaji wanaoitwa VJ, kama VJ Jingo. Musimuliaji hatafsiri tu. Anaongeza majina ya kwetu, anacheka na mwovu, anaonya watazamaji, anaruka mazungumuzo marefu. Kopi inayotoka mukononi mwake ni toleo ingine kabisa.

Mufano mukubwa uko Wakaliga, kartie moja ya Kampala. Mwaka 2010 Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa pesa isiyofika dolare 200. Ordinatere yake haikuwa na nafasi ya kutosha, na kwa kupata nafasi ya filme zingine alilazimika kufuta. Filme bila musimuliaji haipo tena. Kilichobaki ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie, na ni hilo lililojulikana duniani kupitia intaneti. Watu wengi wanalipenda hivyo hivyo. Lakini hakuna anayeweza kuchagua tena: toleo moja njo limekuwa filme yote.

Hata mbele ya video, Katanga ilijua hadithi ya woga yenye matoleo mengi. Tangu wakati wa Wabelgiji watu walisimulia habari za batumbula, waliosemwa kwamba wanakamata watu usiku. Kila musimuliaji aliongeza yake na kupunguza yake. Aliyesikia mara tatu alisikia hadithi tatu, na hakuna aliyeuliza ni gani ya kweli. Aliuliza tu: nani aliyekusimulia?

Swali hilo njo la kuuliza mbele ya filme vilevile.

Sheria inasema nini?

Hapa vijana wengi wanajikwaa. Filme kuwa ndani ya telefone yako haisemi kwamba ni yako.

Night of the Living Dead iko na historia ya ajabu. Mwanzo ilikuwa na jina ingine, Night of the Flesh Eaters. Wauzaji walipobadilisha jina, walisahau kurudisha ku filme ile alama ya haki ya mwenyewe ambayo sheria ya Marekani ya wakati ule ililazimisha. Kwa kosa hilo dogo, filme ikawa mali ya watu wote kule Marekani. Romero na wenzake walikosa pesa nyingi. Lakini kwa upande mwingine, njo maana inapatikana bure kwenye Internet Archive, na njo maana wapenzi wengi wanaanza nayo.

Lakini angalia vizuri: kilicho huru ni filme ya 1968. Vipande vipya vya John Russo viko na mwenyewe. Muziki uliotiwa kisha uko na mwenyewe. Rangi na kazi ya kusafisha picha vinaweza vilevile kuwa na mwenyewe. Ukichukua musingi huru na kuingiza ndani yake dakika tano zisizo huru, kazi yako yote haiko huru tena. Nosferatu iko sawa na hiyo: Murnau alikufa 1931, Henrik Galeen aliyeiandika alikufa 1949, na katika inchi nyingi muda wa kulinda kazi yao umekwisha. Lakini muziki uliorekodiwa juzi kwa kuisindikiza haujamaliza muda wake.

Kwetu Congo, Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa 4, 1986 inalinda haki za waandishi na wasanii, na SOCODA njo shirika linalosimamia haki hizo. Sheria ya Marekani si sheria ya Congo. Kama unafanya montaji kwa kujifunza nyumbani, ni jambo moja. Kama unataka kuonyesha kwa feza, kuuza ku kle ya USB, ao kuweka kwenye intaneti, uliza mbele. Na Dawn of the Dead tuliyoitaja pale juu iko na wenyewe mupaka leo. Usidanganyike.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Andika sentensi moja. Mbele ya kugusa ordinatere, andika toleo lako ni kwa ajili ya nani na kwa sababu gani. Kwa mufano: "Nataka watu wa kartie yetu wafuate filme ya 1968 kwa Kiswahili, bila kukosa kitu." Ao: "Nataka kuonyesha tofauti ya montaji ya kazi na filme iliyotoka." Kipande kisichosaidia sentensi hiyo, hata kiwe kizuri namna gani, kibaki inje.

2. Chagua musingi. Toleo moja liwe nyumba, mengine yawe matofali. Mara nyingi musingi ni kopi yenye picha safi na yenye urefu wa kwanza. Usianze na kopi iliyopitia telefone tano: kila mara video inapotumwa na kufinywa, picha inapoteza kitu, na kile hakirudi.

3. Fungua daftari. Chora mistari ine: jambo linalotokea, dakika na sekonde, kopi gani iko nalo, tofauti ni nini. Kwa filme ya dakika 96, kazi hii peke yake inaweza kuchukua siku kadhaa. Inachosha, lakini atakayeiruka atarudi kuifanya.

4. Linganisha mwendo. Filme za sinema zinapita kwa picha 24 kila sekonde. Video nyingi za Ulaya zinapita kwa 25. Kopi ya dakika 96 ikipita kwa 25 inakwisha kwa dakika 92 hivi, na sauti inapanda kidogo, watu wanasema sawa vile wana haraka. Ukiunganisha kopi mbili za mwendo tofauti bila kurekebisha, midomo na maneno vitaachana.

5. Heshimu umbo la picha. Filme ya 1968 iko karibu na muraba. Televizio za leo ni pana. Usivute picha kusudi ijaze kioo: watu watakuwa wanene bila sababu. Acha weusi pande mbili. Kisha linganisha weusi na weupe wa kopi zako, juu kopi moja inaweza kuwa na mwangaza zaidi, na jicho linaona mara moja pale uliposhona.

6. Sauti njo inasaliti. Watazamaji wanasamehe picha mbaya, lakini muziki ukikatika katikati kila mutu anageuza kichwa. Kata pale kuko kimya, ao pale kuko kelele kubwa kama mulango unaofungwa. Chukua sekonde chache za sauti ya chumba kitupu na kuzilaza chini ya mushono. Kama kuko musimuliaji wa Kiswahili, weka sauti yake ku musitari wake peke yake, usiichanganye na filme. Hivi kesho utaweza kutoa kopi bila musimuliaji, ao na mwingine.

7. Jikinge na umeme. Umeme wa SNEL hauagi mbele ya kwenda. Kama ordinatere haina betri nzuri, hifadhi kazi kila dakika chache, na uchague programu inayohifadhi yenyewe. Shotcut na Kdenlive ni za bure na zinatembea ku ordinatere za kawaida. Audacity inasaidia kwa sauti. Kama mashine inachoka, tengeneza kopi ndogo nyepesi kwa ajili ya montaji, na kopi kubwa uirudishe ku mwisho. Weka kazi yako ku diski mbili zisizokaa nyumba moja, na usifute kopi za kwanza. Kumbuka Captain Alex.

8. Hesabu ukubwa. Filme ya dakika 96, ukiitoa kwa megabiti 5 kila sekonde, inafika karibu jigabaiti 3,6. Kle nyingi za USB zimepangwa kwa namna ya FAT32, ambayo haikubali faili inayopita jigabaiti 4. Watu wanafikiri kle imekufa, kumbe ni faili kubwa.

9. Onyesha watu watano. Usiwaelezee kitu. Angalia ni wapi wanashika telefone, ni wapi wanauliza "huyu ni nani tena?" Pale njo mushono wako haujakamata.

10. Andika jina la kazi yako mbele kabisa. Sekonde kumi za maandishi: hii ni montaji ya wapenzi, imetoka katika kopi za mwaka fulani na fulani, hiki kimeongezwa, hiki kimeondolewa. Ni heshima kwa mutazamaji na kwa mutengenezaji.

Redio iliyo ndani ya filme

Sisi watu wa redio tuko na sababu yetu ya kusisitiza hatua ya kumi. Ndani ya Night of the Living Dead, wale watu waliofungwa nyumbani wanategemea redio, kisha televizio. Mwanzo redio inawaambia: fungeni milango, mubakie ndani. Kisha shauri linageuka: nendeni katika vituo vya kuokolewa, na majina ya vituo yanapita kwenye kioo. Kwa shauri hilo wanajaribu kutoka, na vijana wawili, Tom na Judy, wanaungua ndani ya gari. Vipande hivyo vimepigwa sawa vile habari za kweli: musomaji wa habari ndani ya studio, waandishi wanaofuata wakubwa na kuuliza maswali.

Sasa fikiri mutu akate dakika moja ya habari hizo, atie Kiswahili kizuri juu yake, na kuituma WhatsApp bila jina la filme. Katika majimbo yetu ya mashariki, ambako watu wamekimbia zaidi ya mara moja kwa sababu ya habari, za kweli na za uongo, dakika hiyo si muchezo. Njo maana musimuliaji anapotafsiri vipande vya redio na televizio, ni vizuri aache alama: jina la filme likae pembeni ya kioo muda wote ule, na sauti yake iseme wazi kwamba ni "redio ya ndani ya filme". Alama hiyo haiharibu woga wa filme, na inazuia ule wa inje.

Mwisho wa Ben

Tumefika mahali ambapo montaji yote inapimwa. Kama haujaona filme, ujue kwamba tunasimulia mwisho wake.

Shujaa wa filme anaitwa Ben. Anachezwa na Duane Jones, Mweusi wa Marekani. Kwa mwaka 1968, Mweusi kuwa kiongozi katika filme kama ile, akiwaamuru Weupe ndani ya nyumba moja, halikuwa jambo la kawaida. Romero alisema kwamba hakumuchagua kwa sababu ya rangi. Jones alikuwa muzuri kuliko wengine waliojaribiwa, basi. Ben anapigana usiku muzima. Ku mwisho yeye peke yake anabaki, kule chini katika kave. Asubuhi anasikia bunduki na imbwa, anapanda juu, anakaribia dirisha. Kundi la raia wenye bunduki pamoja na sherifu linamuona kutoka mbali. Hawamuulizi kitu. Wanamupiga risasi katika kichwa, wakiwaza ni mumoja wa wafu.

Filme haikwishi pale. Picha zisizotembea zinafuata, kama picha za gazeti: watu wenye ndoano za nyama, mwili wa Ben unaburutwa, unalazwa karibu na wengine, moto unawashwa. Majina ya watengenezaji yanapita juu ya picha hizo. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 mwezi wa 4 mwaka ule ule, na Romero alisimulia kwamba habari hiyo waliisikia ku redio ya gari wakiwa njiani kupeleka filme yao New York. Filme ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Lakini watu walioiona kisha hapo walijua wanaangalia nini.

Sasa tazama montaji mbalimbali zinamufanyia Ben nini. Katika toleo la kuazimisha miaka 30, kisha kifo chake filme inaendelea na pasta aliyeongezwa na Russo. Maneno ya mwisho yanakuwa ya yule pasta. Katika filme ya Savini ya 1990, mwisho umegeuzwa kabisa: Barbara njo anabaki muzima. Na katika salle yoyote, mwenye mashine anayezima wakati majina yanaanza kupita, kusudi aanze filme ingine mbio, anakata moto na ndoano pasipo kujua. Watazamaji wanarudi nyumbani wakisema: shujaa aliuawa kwa makosa. Hawakuona kwamba walimuburuta kama nyama.

Kwa hiyo, kama unaunganisha matoleo ya filme hii, jiulize mbele ya yote: Ben anakufa namna gani katika kazi yangu, na nani anapata neno la mwisho? Unaweza kufupisha mbio za makaburini. Unaweza kuchukua kipande cha montaji ya kazi kwa kuonyesha namna Romero alivyotafuta njia yake. Hata kuongeza musimuliaji mwenye kuchekesha ni ruhusa, Wakaliga waliweza. Lakini pale kwenye dirisha, musimuliaji anyamaze, na picha zile za mwisho zipite zote mupaka moto.

Kwa ufupi

Anza na filme ya 1968, si na vipande vya kisha. Fanya daftari mbele ya montaji. Linganisha mwendo na sauti. Hifadhi mara mbili. Usitie kitu chenye mwenyewe bila ruhusa. Tia jina la filme juu ya kila kipande chenye habari. Andika wazi umeongeza nini na umeondoa nini, kusudi mutazamaji akiuliza nani aliyemusimulia, jibu likae pale pale kwenye kioo.